Brashi Iliyokuja Ndani ya Soksi

Usagara, Tanga
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Fadhil,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo? Unakula? Unalala? Mwili una nguvu? Nakuuliza kimoja kimoja, na safari hii naomba unijibu kimoja kimoja, usinifungie yote ndani ya alhamdulillahi moja halafu ukageuza mazungumzo. Alhamdulillahi hata mtu aliyeezuliwa paa huisema. Mimi nauliza habari za mwili wako, na nina sababu zangu, utazisoma huko chini.

Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimeanza kwa fujo na uani kwetu ni tope tupu. Shemeji yako Kazija anakusalimu. Magoti bado yanamsumbua, ila mdomo mzima, haujapata ugonjwa wowote. Karafuu Pemba mwaka huu wanasema si haba, ingawa wanaosema hivyo ni wale wale wanaotaka kutuuzia, kwa hiyo mimi sijaamini.

Barua hii nimeiandika kwa mkono makusudi. Kwenye simu nikikubana unasema mtandao unakatika. Nimechunguza, Fadhil. Mtandao wako hukatika pale pale ninapouliza utakuja lini. Nikizungumzia bei ya mchele unasikika vizuri kabisa, utadhani uko Pongwe. Basi Consolata, binti wa Kristofa wa Maramba, anarudi huko Uholanzi wiki hii kwenye kazi yake ya uuguzi. Atakukabidhi karatasi hii mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka akuone unaisoma.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni harusi ya mwanao.

Miraji anaoa, hilo unalijua. Mtoto uliyeniachia akiwa hajui kufunga viatu, mama yake tukiwa tumemzika juzi yake tu, leo ni fundi wa mafriji na ana ndevu za kuogopesha. Anamwoa Tuhfa, binti wa wale Wapemba wenzetu wa Pongwe wenye duka la mchele, watu wenye heshima zao na maswali yao mengi. Harusi ilikuwa iwe Jumamosi ya kwanza ya Disemba. Nimesema ilikuwa. Usirukie chini, soma taratibu.

Kwetu sisi bwana harusi hapelekwi kwa kinyozi akapitishwe mashine mbio mbio kama mtu anayewahi kupiga picha ya kitambulisho. Tena huyu wako mashine ndiyo adui yake, ikimpita shingoni tu kesho yake vipele vimejaa mpaka masikioni. Anakalishwa kigodani, uani, taulo begani, kinyozi kasimama pembeni na wembe wake, na povu la kwanza linapakwa na baba mzazi kwa mkono wake mwenyewe. Baba alinipaka mimi. Alikupaka na wewe, ukacheka, povu likakuingia puani ukapiga chafya mbele ya wazee wote. Kinyozi ndipo anaendelea. Mkono wa baba usipopita pale, jambo zima linakuwa ni kunyoa ndevu tu, na ndevu mtu anaweza kunyoa siku yoyote.

Brashi iliyotupaka sisi, ile ya marehemu baba, imekwisha. Niliitia maji mwezi wa Ramadhani, manyoya yakabaki kwenye kikombe na mimi nikabaki na mpini mkononi. Ndiyo sababu nilikupigia. Nikakwambia utafute brashi huko, na masharti nikakupa kama baba alivyotupa sisi. Ukiibonyeza kiganjani manyoya yafunguke, ukiiachia yarudi yasimame. Ishike maji bila kuyamwaga. Isichome shavu, wala isiwe laini mpaka ikalala kama imechoka. Ukiivuta isikuachie unyoya vidoleni. Na juu ya yote nikakwambia mpaka ukaudhika kwamba iwe ya singa za farasi, maana brashi nyingi za huko ni za nguruwe, na wao hawaoni tatizo lolote. Ukanijibu, "Kaka, nimekusikia, ya farasi. Na nitaileta mwenyewe."

Hayo maneno ya mwisho nimeyatunza. Kazija ni shahidi, simu ilikuwa kwenye spika.

Basi wiki mbili zilizopita Consolata akapiga hodi hapa. Kaamkia, kaketi kidogo, katia mkono mkobani, katoa soksi. Soksi, Fadhil! Ya sufu, ya kijivu, moja, mwenzake hayupo. Ndani ya soksi, brashi. Hakuna boksi, hakuna mfuko wa dukani, hakuna kibandiko. Akasema Baba Miraji anasalimia sana na nafasi ya kuja haikupatikana. Kazija akamwekea chai na mkate wa kumimina, akanywa nusu kikombe akasimama. Binti yule tangu mdogo akija kwetu haondoki mpaka aone chini ya sufuria! Nikamuuliza, Fadhil mzima? Akasema anasalimia sana. Nikauliza tena, akasema anawahi mvua. Mvua yenyewe haikunyesha mpaka kesho yake.

Nikabaki na soksi mkononi. Nitakwambia nilichowaza, sina haja ya kukuremba, wewe ni damu yangu. Niliwaza kwamba huyu amepewa kazi moja tu maishani mwa mwanawe na ameikwepa. Kaokota brashi ya kwanza iliyomjia mbele, pengine ya mtumba, kaichomeka kwenye soksi, kajitoa. Na mtu ambaye hakujali hata boksi, atakuwa amejali mnyama?

Nikaichunguza. Mpini wa mti, mweusi, mzito wa kupendeza, huo sina neno nao. Manyoya yalikuwa mchanganyiko, meusi, ya kahawia, mengine meupe. Chini ya mpini kumeganda kitu cheupe kigumu, nikadhani ni gundi ya kiwandani. Nikaitia kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, nikaenda kuoga, nikarudi. Lo! Harufu iliyotoka mle haikunipendeza hata kidogo. Haikuwa kali, ilikuwa ni uvundo wa kitu cha maji kilichofungiwa. Lakini nilikuwa na hamu, Fadhil, si unanijua. Nikaikung'uta, nikaizungusha kwenye sabuni, nikajipaka shavu la kushoto. Na hapo, haki ya Mungu, sikuweza kuikana. Povu lilikuwa zito kama maziwa ya mgando, na brashi ilizunguka shavuni ikiziinua ndevu moja moja. Nilifumba macho.

Kazija akauliza kutoka jikoni ile ni ya mnyama gani. Nikamjibu farasi. Akauliza, "Nani kakwambia?" Nikafumbua macho na povu langu. Akatoka na mwiko mkononi. "Imetoka nchi gani? Na huko wanafuga nini?"

Yakhe, kilichofuata sitaki ukihadithie huko. Kikombe kikaoshwa mara saba na moja kwa udongo, ndiyo sharia ya najisi ya yule mnyama, Kazija hakuniachia nafasi ya kubishana. Halafu akaligeukia shavu. Nikasema shavu ni langu, nitalisafisha kwa maji na sabuni. Akasema mara saba, na moja kwa udongo. Kwa hiyo nikasimama uani, mtu mzima na mvi zangu, najisugua tope shavuni, na Miraji ndiyo anaingia kutoka kazini. Kaniangalia, kaamkia, akauliza kama hiyo ndiyo dawa mpya ya vipele.

Kesho yake nikaenda kwa shekhe wetu baada ya alasiri. Nikamweleza. Akaniuliza kama ni nguruwe nikasema sijui, akauliza kama ni farasi nikasema sijui. Akasema farasi kwa madhehebu yetu analiwa, na singa zake zikikatwa angali hai ni safi, kwa hiyo hapo hakuna shida. Akiwa yule mwingine, hakuna mjadala. "Wewe umeniletea brashi," akasema. "Nenda kanitafutie mnyama." Watu walioketi barazani wakacheka, na mimi nikaondoka nimekasirika na wewe.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Kazija kila akikaa anapata jambo jipya. Mara amesema mtu akikaa huko miaka mingi hubadilika, labda hata swala umeacha. Mara amesema unakula kitimoto. Juzi akaja na la mwisho, kwamba una mwanamke huko hataki uje. Nilikuwa nakutetea kwa sauti kubwa, na moyoni nikawa nasema pengine. Maana hoja yangu ilikuwa moja tu, kwamba mtoto wake wa pekee anaoa, baba ana miguu, ndege zipo, na analeta brashi badala ya mkono. Mtu wa hivyo ana jambo anaficha.

Basi nikafunga safari kwenda Maramba kwa Kristofa. Nikajiambia anayefuga nguruwe ndiye atakayeweza kuniambia kama huyu ni nguruwe. Unamkumbuka Kristofa, tulisoma naye darasa moja, babake alikuwa mkata mkonge. Nilipomweleza nilichofuata alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Mjaka! Umetoka Usagara mpaka huku kuja kuposa?" Nikamwambia anyamaze afanye haraka kabla sijaonekana. Nilisimama mbali na ua, kitambaa puani, kofia nimeivua nikaitia mfukoni, usiniulize kwa nini. Ilionekana ni adabu.

Akaingia bandani, kukasikika makelele ya kuchinjana, akatoka na manyoya machache. Akayaweka juu ya jani la mgomba, nami nikaweka brashi yako upande wa pili, kwenye gazeti, pasigusane. Tukainama wote wawili tukatazama. Unyoya wa nguruwe ni mgumu, unasimama peke yake, na ukiutazama vizuri ncha yake imepasuka mara mbili. Huu wa brashi yako ni mwembamba, ncha yake nzima, ukiukunja unarudi taratibu. Kristofa akaitia maji, akajipaka mkononi, akanusa, akatikisa kichwa. Akasema huyu si wake, na wake anawajua. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka alikotoka.

Nikarudi nyumbani nusu ya moyo imetulia. Si nguruwe, sawa. Lakini ni nani? Nikakaa uani na brashi, nikachukua njiti ya kibiriti nikaanza kuikwangua ile gundi chini ya mpini, nikidhani huenda pameandikwa kitu. Ilikuwa inatoka vipande vipande. Kipande kimoja kikadondoka kwenye maji, nikakisugua kwa vidole. Kikatoa povu.

Nikakwangua tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka nikafika kwenye mti. Pale chini pamechongwa kichwa kidogo cha farasi, kimesagika, sikio tu na singa za shingoni ndivyo vinavyoonekana vizuri. Nilipiga ukelele! Kazija alikuja mbio na magoti yake hayo mabovu akidhani nimeumwa na nge. Nikamwonyesha. Farasi! Nikasema mdogo wangu kasalimika, mdogo wangu kanisikia, na wewe umenisuguza udongo bure.

Kazija akaichukua, akaitazama, akakitazama kile kilichotoka. Akauliza hii ni nini. Nikamwambia ni sabuni. Akauliza ni sabuni ya nani.

Sabuni ya kuganda namna ile haigandi kwa wiki moja wala kwa mwaka mmoja. Nikaugeuza mpini kwenye mwanga. Rangi imefutika mahali kidole gumba kinapokaa, na mahali penyewe ni pa mtu anayeshika kwa mkono wa kushoto. Katika ukoo wetu mzima, Fadhil, wa kushoto ni wewe peke yako, na baba alikuchapa kwa ajili hiyo mpaka akachoka.

Ile ni brashi yako. Ile uliyoinunua mwaka ule wa kwanza ulipofika huko, ukanisimulia nusu saa kwa kadi ya simu jinsi ulivyoipata ya farasi, jinsi muuzaji alivyokucheka kwa kuinusa dukani. Ile uliyokwenda nayo mpaka Umra. Sisi hapa tunakushuku umeacha dini, kumbe umeshika farasi wako miaka yote hiyo.

Hapo ndipo ningetulia, sivyo? Sikutulia hata kidogo. Nikazidi kushuku kuliko mwanzo.

Maana nilijiuliza, mtu anayenyoa kila asubuhi atatoaje brashi yake? Huko maduka yamejaa. Angenunua mpya ya mwanawe, yake akabaki nayo. Na ule uvundo? Sisi tumefundishwa tangu wadogo kwamba ukimaliza unaisuuza, unaikung'uta, unaitundika manyoya chini. Brashi inayotumika kila siku hainuki. Inanuka ile iliyowekwa ikiwa mbichi siku moja, na mwenyewe asiirudie tena. Wewe hukuwa mvivu wa hivyo. Wewe ulikuwa unanigombeza mimi.

Nikasema basi amefuga ndevu. Nikamwita Miraji nikamwambia nionyeshe picha ya baba yako, ile aliyoichukua kwenye simu mlipozungumza kwa video siku ya Idi. Akasitasita. Nikamwambia lete hiyo simu. Akaleta.

Umekaa ndani ya nyumba na kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni. Nilidhani ni baridi, lakini Idi ilikuwa mwezi wa sita, na nyuma yako dirisha liko wazi. Kidevu chako ni cheupe, laini, hakina hata kivuli cha unyoya. Hakuna wembe unaonyoa hivyo, Fadhil, mimi nimenyoa miaka arobaini. Nikaendelea kutazama, nikaona kuna kitu kingine hakipo na sikukijua ni nini. Miraji akasema polepole, "Baba mkubwa, hana nyusi."

Mtoto kajua tangu Idi! Kakaa nalo moyoni tangu Idi, anatengeneza mafriji ya watu, anacheka na sisi mezani, hasemi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema aliogopa akisema litakuwa kweli. Kazija akakaa chini, pale pale penye maji. Yeye dada yake alitibiwa Dar, na sote tulimwona alivyotoka, kichwa, nyusi, kope, vyote vimekwenda na zile dawa. Hatukuhitaji daktari wa kutueleza.

Nikaenda tena Maramba. Sikumfuata Kristofa safari hii, nilimfuata binti yake. Nikamkuta Consolata anaanika nguo, nikamuuliza swali moja, kama Fadhil siku hizi ananyoa. Akasema, "Baba, mimi kazini kwangu nimeapa." Halafu akalia, na nguo ya watu ikaanguka kwenye tope. Sikumbana. Ukimwona usimgombeze, hakunitajia ugonjwa wala dawa, kinywa chake hakijavunja kiapo. Macho hayaapishwi, atafanyaje.

Basi nitaliandika mimi, kwa kuwa wote mnaliogopa. Nashuku una saratani, mdogo wangu. Nashuku unayo tangu kabla ya Idi. Nashuku uliposema utaileta brashi mwenyewe ulikuwa hujui bado, au ulikuwa unajua na unajidanganya pamoja nasi. Na nashuku uliitoa brashi yako kwa sababu ulikaa ukaitazama kwenye msumari wake kila siku haina kazi, ukaona bora ipate shavu la mwanao. Kama nimekosea niambie, nitafurahi kuitwa mpumbavu mpaka nife.

Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Umeona bora nikushuku kwa nguruwe kuliko nijue unaumwa? Umeona bora Kazija akuozeshe wanawake wa Kizungu, shekhe anicheke, mimi nisimame mbele ya banda la Kristofa? Ungenipigia ukasema, Kaka, naumwa, naogopa. Ni maneno matatu. Mimi ningelia, ndiyo, ningelia, halafu tungepanga. Siku hizi nikisujudu sinyanyuki haraka, nakuombea mpaka wenzangu wananisubiri. Nikikufikiria uko peke yako huko na kofia ile, naisukuma sahani.

Miraji ameamua jambo lake, na sikumshawishi, wallahi. Alikwenda Pongwe mwenyewe kwa wakwe, mimi nikimsindikiza tu, akakaa mkekani, akawaambia harusi haitakuwa Disemba. Unajua nao walivyo. Baba mtu akamtazama kwa jicho la pembeni, mama mtu akauliza kama kuna binti mwingine Usagara. Nikaingilia nikawaambia baba yake mgonjwa na kijana hataki kunyolewa bila yeye. Tuhfa alikuwa nyuma ya pazia, tukamsikia akisema yeye hana haraka na tarehe, ila anataka kumjua baba mkwe wake. Mama mtu akatuletea chai, na safari hii ilikuwa na sukari. Kwa hiyo tarehe haipo, Fadhil. Tarehe utaitaja wewe.

Na brashi nimeamua hivi. Nimeisuuza kwa siki kidogo na maji, uvundo umetoka wote. Nimeitundika manyoya chini, kivulini, mpaka ikakauka mpaka ndani. Sasa hivi ukiibonyeza kiganjani inafunguka na kurudi kama siku uliyoinunua, sijaona singa hata moja iliyong'oka. Ni brashi nzuri kuliko ya baba, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Nimeifunga kwenye kitambaa cha pamba, na Consolata anarudi nayo pamoja na barua hii. Ni yako. Mwanao hakuomba brashi.

Kama madaktari wanakuruhusu kusafiri, njoo nayo. Njoo bila ndevu, njoo bila nyusi, kipara chako tutakizoea siku moja tu na watoto wa jirani watakitania siku mbili. Kama hawakuruhusu, sema hivyo, usinifiche tena, Miraji ameshaanza kushughulikia pasipoti na mimi nitauza nitakachouza. Atakuja huko, atapiga magoti kando ya kitanda chako, atainua kidevu. Kama mkono wako hauna nguvu ya kuizungusha, atakushikia kiwiko. Wewe paka povu la kwanza, yaliyobaki kinyozi yeyote atayamaliza.

Kazija anakusalimu, na anaomba umsamehe kwa yule mwanamke aliyekutungia. Miraji anakuamkia shikamoo, na ndevu zake sasa zimebakiza kidogo tu zimfike kifuani. Tuhfa anakuamkia kwa mara ya kwanza. Kristofa anasema nguruwe wake wote wazima na wanakusalimu, nami nimemwambia huo si utani wa kumtumia mgonjwa, akaniambia nikuandikie hivyo hivyo kwamba utacheka.

Mwenyezi Mungu akuondolee maradhi, akurudishie nguvu za mkono huo wa kushoto, na atukutanishe sote hali ya kuwa tuko hai.

Wako akupendaye, na ambaye hataacha kukushuku mpaka akuone kwa macho yake,

Kaka yako,
Mjaka